Urefu si kosa: sekunde tatu, mpira unaoshuka na George Mikan

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo cha mafunzo ya waamuzi wa mpira wa kikapu hayabadiliki: "Refa anamwonea mrefu wetu." Tunaamini walalamikaji wana nia njema. Ila anayedhani sheria za sekunde tatu na za mpira unaoshuka zimetungwa kuikomoa timu yake amechelewa miaka sabini na ushei. Aliyewaumiza vichwa watunga sheria ni George Mikan, mchezaji mrefu wa Marekani.

Mikan, mzaliwa wa Joliet, Illinois, mwaka 1924, alikuwa na sentimita 208 na miwani minene. Chuoni DePaul, kocha Ray Meyer alimkuta mzito wa miguu, akamrushisha kamba, akampiganisha ndondi, hata kudansi akafundishwa. Zoezi lake linatumika hadi leo. Simama chini ya kikapu, rukia mguu wa kushoto, tupa kwa mkono wa kulia ukitumia ubao. Daka mpira kabla haujagusa sakafu, vuka upande wa pili, rukia mguu wa kulia, tupa kwa kushoto. Mpira usishuke chini ya kidevu. Wengi huharibu hapo hapo: wanaushusha hadi kiunoni, mfupi anawapokonya, kisha wanadai faulo.

Alipokuwa DePaul alikuwa akiipangusa mipira hewani ikikaribia kikapu. Vyuo vya Marekani vikapiga marufuku kuanzia msimu wa 1944–45. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mtupo ukishaanza kushuka na mpira wote uko juu ya usawa wa ringi, hauguswi. Mlinzi akiugusa, pointi zinahesabiwa kana kwamba umeingia, 2 au 3 kutegemea ulikotupiwa. Mshambuliaji akiugusa hakuna pointi. Wapinzani wanarusha mpira kutoka pembeni, usawa wa mstari wa mitupo huru. Mpira unaopanda, ambao haujagusa ubao, zuia utakavyo.

Akiwa na timu ya Minneapolis Lakers, Mikan alitwaa mataji matano yanayotambuliwa na NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani: 1949, 1950, 1952, 1953 na 1954. Dawa yake ilitafutwa kwa njia mbili. Wapinzani wao Fort Wayne Pistons walikaa na mpira bila kutupa: tarehe 22 Novemba 1950 walishinda 19–18, na katika pointi 18 za Lakers, Mikan alifunga 15. NBA nayo ikapanua eneo la chini ya kikapu mwaka 1951, kutoka futi 6 hadi 12. Wastani wake ukashuka kutoka pointi 28.4 hadi 23.8. Ubingwa haukushuka, walichukua mitatu mfululizo.

Leo eneo hilo kwa FIBA lina upana wa mita 4.9, na hapa ndipo kelele zinapozidi. Mshambuliaji haruhusiwi kukaa ndani yake zaidi ya sekunde tatu mfululizo. Sekunde hizo zinahesabiwa timu yako ikiwa na mpira kwenye nusu ya mashambulizi na saa ya mchezo inatembea. Mstari ni sehemu ya eneo: kisigino kikiukanyaga, uko ndani. Kutoka ni miguu yote miwili kutua nje. Kuinua mmoja na kuurudisha, kama wafanyavyo wengi, si kutoka. Mwamuzi atamvumilia anayejaribu kutoka, au ambaye yeye au mwenzake yumo katika kutupa. Adhabu ni kupoteza mpira. Si faulo, kwa hiyo tafadhali msidai mitupo huru.

Saa ya sekunde 24, muda ambao timu yenye mpira lazima iwe imetupa, ilianza NBA msimu wa 1954–55, Mikan akiwa ameshastaafu. Danny Biasone, mmiliki wa timu ya Syracuse, aligawa tu sekunde 2,880 za mchezo kwa mitupo 120 ya timu zote mbili. Mikan alirudi mwaka 1956, akacheza michezo 37 kwa wastani wa pointi 10.5. Mbio zilizoletwa na saa hiyo hazikuwa zake.

Kuhusu rufaa: nahodha amwarifu mwamuzi mkuu ndani ya dakika 15 baada ya mchezo kwisha, asaini sehemu ya malalamiko kwenye karatasi ya mchezo. Kosa la hesabu ya pointi au la saa ambalo halikurekebishwa linasikilizwa. Filimbi ya sekunde tatu haisikilizwi.