Chuki ya Kikabila Ina Watengenezaji: Ijue Asili Yake na Namna ya Kuiripoti

Uchaguzi Mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unakaribia, na sisi tunaoshughulikia malalamiko ya uchochezi wa kikabila tunajua msimu huu huja na nini: video zilizokatwakatwa, ujumbe wa sauti usio na mwenyewe, na vijikaratasi vinavyotupwa milangoni usiku vikiwataka watu fulani wahame. Huja pia na kauli moja tunayoisikia kwa mlalamikaji na kwa mlalamikiwa: "Hawa na sisi hatujawahi kupatana tangu enzi za mababu." Kauli hiyo si kweli. Tena ina madhara, kwa sababu ikiaminika kuwa mababu ndio wenye makosa, aliyechochea jana anaachwa aende zake.

Jamii za nchi hii zilipigana zamani na kuibiana mifugo, hilo halina ubishi. Lakini Wakikuyu na Wamaasai hao hao waliopigana ndio waliooana na kuuziana nafaka na ngozi, na njaa ilipoingia, familia zilihamia kwa jirani zikapokelewa kama jamaa. Hata majina ya pamoja tunayodhani ni ya kale, kama Wakalenjin, Waluhya na Mijikenda, yalishika mizizi katika miaka ya 1930 na 1940.

Ukabila wa kisiasa tunaoujua leo ulijengwa na utawala. Serikali ya kikoloni iliwapa walowezi ardhi bora, ikawafungia wenyeji katika maeneo yaliyotengwa kabila kwa kabila, na wanaume ikawabebesha kipande, yaani kitambulisho cha lazima, ili wasitoke humo bila kujulikana. Wakati wa Hali ya Hatari, utawala wa dharura wa miaka ya 1950 dhidi ya Mau Mau, vyama vya Waafrika vilipigwa marufuku. Viliporuhusiwa tena mwaka 1955, viliruhusiwa katika ngazi ya wilaya tu, na wilaya nyingi zilikuwa zimechorwa kufuata kabila. Kwa miaka mitano hapakuwa na njia halali ya kuunda chama cha nchi nzima. Vyama vya KANU na KADU vilipoundwa mwaka 1960, viongozi wao walikuwa wameshazoea kutafuta wafuasi kwao nyumbani. Uhuru ukaja 1963 na mazoea hayo ndani yake, na swali la ardhi likiwa halijajibiwa.

Hebu tuangalie mahali pamoja. Mwishoni mwa Oktoba 1991, madai ya vyama vingi yakiwa yamepamba moto, ghasia zilizuka katika shamba la Meteitei, Tinderet, huko Nandi. Watu wa jamii mbalimbali walikuwa wakiishi pale, na mgogoro wa umiliki wa shamba ulikuwepo kweli. Mgogoro wa namna hiyo una dawa yake: rejista ya wanachama, mpima ardhi, mahakama. Pale uligeuzwa kuwa mgogoro wa kabila na kabila, na ghasia zikasambaa sehemu kubwa ya Bonde la Ufa. Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano hayo, ilionyesha mkono wa wanasiasa na wa maafisa wa utawala. Miaka 16 baada ya Meteitei, uchaguzi wa Desemba 2007 ulileta maafa makubwa zaidi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mamia ya maelfu walikimbia makwao. Kiambaa, karibu na Eldoret, waliokimbilia kanisani Januari 1, 2008 walichomewa humo humo, wengi wao wanawake na watoto.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilitokana na vifo hivyo. Nawaomba wananchi waisome, maana mengi yanayosemwa juu yake si sahihi. Haikatazi mtu kuzungumza lugha ya mama, kujivunia kwao, wala kuikosoa serikali. Kifungu cha 13 kinagusa maneno, maandishi, rekodi na vipindi vya vitisho au matusi ambavyo vimekusudiwa kuchochea chuki ya kikabila, au ambavyo kwa kuzingatia mazingira yote vinaelekea kuichochea. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 62, kuhusu kauli zinazokusudia kuchochea dharau, uhasama, vurugu au ubaguzi kwa misingi ya kabila au rangi, kina faini hiyo hiyo, lakini kifungo kinaweza kufika miaka 5. Chombo cha habari kinachochapisha kauli hizo nacho hutozwa faini.

Kwa hiyo "nilisambaza tu, sikuandika mimi" si utetezi. Sheria inataja kuchapisha na kusambaza waziwazi, na jambo hili tumelieleza mara nyingi mno, lakini utetezi huo bado tunausikia kila uchaguzi. "Ulikuwa utani" nayo hupimwa kwa mazingira: nani alisema, mbele ya nani, wakati gani. Vilevile, chuki inayozungumziwa si ya kabila pekee. Rangi, uraia na asili ya kitaifa vimo, hivyo anayehimiza watu wawavamie Wasomali, Wahindi au wakimbizi wa mtaani kwake anaguswa na sheria hii kama mwingine yeyote. Makala haya, hata hivyo, hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili, na kila kesi huamuliwa na mahakama kwa ushahidi wake.

Ushahidi ndipo malalamiko mengi yanapokwama. Ukikuta kijikaratasi cha vitisho mlangoni au kwenye mlingoti wa stima, usikichane, na usikipitishe mkononi kwa kila jirani. Kipige picha kikiwa pale pale kilipo, kisha mwingine apige picha ya nyumba nzima ili mahali paonekane. Kitie ndani ya bahasha safi ukikishika pembeni, andika tarehe na saa, ukipeleke kituo cha polisi na usiondoke bila nambari ya OB (kitabu cha polisi cha kuandikia matukio). Usikitume kwenye kundi la WhatsApp "kutahadharisha watu". Aliyekiandika alitaka kisomwe na wengi, nawe utakuwa umemfanyia kazi yake.

Kwa rekodi, tunahitaji faili nzima kutoka kwenye simu iliyorekodi, si kipande cha sekunde 20 kilichopita mikono mingi. Usiifute simu, usibadilishe jina la faili. Chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, rekodi ya kielektroniki huambatana na cheti kinachoeleza ilivyotengenezwa na kifaa kilichotumika. Asiyekuwepo hawezi kueleza ilivyorekodiwa, kwa hiyo aliyerekodi awe tayari kutoa maelezo. Kama matamshi yalikuwa kwa lugha ya mama, yaandikwe kwanza katika lugha hiyo neno kwa neno, ndipo yatafsiriwe. Tafsiri peke yake huvunjwa mapema na wakili wa utetezi.

Upatanisho wa wazee tunauheshimu na tunauhitaji, hasa kwa majirani watakaoendelea kuchota maji kisima kimoja. Lakini haufuti kosa la jinai. Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye hawezi kuondoa kesi bila idhini ya mahakama, hata mlalamikaji na mshtakiwa wawe wamekwisha kupeana mikono mbele ya chifu. Ukiitwa kutoa ushahidi baada ya mapatano, bado unatakiwa kufika.