Mgomo wa Atbara na vifaru vya Khartoum

Nikianza kufundisha historia ya mrengo wa kushoto wa nchi za Kiarabu, wanafunzi hutaraji Beirut au Cairo. Mimi huwapeleka Atbara, mji wa karakana za treni kaskazini mwa Khartoum. Reli ilikwenda Wadi Halfa, Port Sudan na El Obeid. Mafundi wa Atbara walipoweka nyundo chini, nchi nzima ilisimama.

Mafundi hao waliunda chama chao mwaka 1946, mwaka uleule Wakomunisti wa Sudan walipojikusanya. Mwaka uliofuata waligoma, na serikali ya Waingereza ikalazimika kuutambua umoja wao. (Mombasa na Dar es Salaam nako kuligomwa 1947.) Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito wa mrengo huu: nadharia iliyosomwa na vijana Cairo ilikutana na watu wenye uwezo wa kusimamisha treni.

Matunda yalionekana Oktoba 1964, mgomo wa nchi nzima ulipomng'oa Jenerali Abboud, mtawala wa kijeshi. Uchaguzi wa 1965 uliwapa Wakomunisti viti 11 kati ya 15 vilivyotengewa wasomi, na Fatima Ahmed Ibrahim akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Sudan. Kabla mwaka haujaisha, bunge likakipiga marufuku chama na kuwafukuza wabunge wake. Mahakama ilisema hatua hiyo inavunja katiba. Serikali ikajifanya haikusikia.

Sasa jiweke mahali pao. Umeshinda kura, ukafukuzwa. Umeshinda mahakamani, ukapuuzwa. Mwezi Mei 1969 anatokea Kanali Nimeiri na vifaru vyake, anakuita uwe waziri. Ungekataa?

Wengi hawakukataa, na chama kikapasuka. Katibu mkuu, Abdel Khaliq Mahjub, aligoma kukivunja chama ili kimezwe na utawala wa Nimeiri. Chama chake kilikuwa kimeshaandika kwamba kupindua serikali kwa jeshi ni mbinu ya mabepari wakubwa na wadogo, si ya wafanyakazi. Ndiyo maana Julai 1971 hunitatiza kila ninapoirudia. Tarehe 19 Meja Hashim al-Atta akampindua Nimeiri, na chama kikamuunga mkono meja huyo. Mapinduzi yalidumu siku tatu tu. Libya iliilazimisha kutua ndege ya abiria iliyotoka London, ikawashusha viongozi wawili wa mapinduzi na kumkabidhi Nimeiri, aliyekwisha kurudi madarakani.

Mahjub alinyongwa. Akanyongwa Shafie Ahmed el-Sheikh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mume wa Fatima. Akanyongwa pia Joseph Garang, mwanasheria kutoka kusini. Huyu wa tatu ndiye anayenifanya nisiridhike na jina "mrengo wa Kiarabu": hakuwa Mwarabu, na alitaka suala la kusini litatuliwe ndani ya Sudan moja.

Wenzangu wengi husema mrengo huu ulizikwa na Nimeiri. Alichofanya ni ukatili, sibishi. Lakini mlango aliingilia kwa kukaribishwa, na waliomkaribisha walikuwa na andiko lao wenyewe linalowaonya.

Desemba 2018, mkate ulipopanda bei, Atbara ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuwaka. Maandamano yaliratibiwa na umoja wa wanataaluma: madaktari, walimu, mawakili. Wengi wao hawana kadi ya chama chochote, ila namna ya kupanga mgomo ni ileile. Rais Bashir akaanguka Aprili 2019, raia wakakubali kugawana madaraka na majenerali, na Oktoba 2021 majenerali wakachukua yote. Kamati za upinzani za mitaani zikajibu kwa maneno matatu: hakuna mazungumzo, hakuna ushirika, hakuna uhalali.

Tangu majenerali hao walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe Aprili 2023, wengi wa vijana wa kamati hizo ndio wanaopika kwenye majiko ya pamoja mitaani, wakilisha majirani ambao hakuna serikali inayowafikia.