Katiba yetu ilitoka wapi, na kwa nini ibara ya 8 haikusaidii mahakamani

Kopi yangu ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imechakaa sehemu moja tu, pale ibara ya 7 na ya 8, nimepiga mistari ya peni mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Mi ni wakili, haya mambo nayafundisha kwenye semina, na kila nikisoma ibara ya 8 lazima mtu anyooshe mkono: sa kama wananchi ndo msingi wa mamlaka yote, mbona sisi hatukuulizwa?

Ngoja tuanzie mbali kidogo. Katiba ya uhuru wa Tanganyika ya 1961 ilikuja kwa amri ya Malkia wa Uingereza, na yeye ndo akabaki mkuu wa nchi, hapa akiwakilishwa na gavana jenerali. Wengi wanadhani tarehe 9 Desemba 1961 tulishakuwa jamhuri, hapana, jamhuri ilikuja mwaka mmoja baadaye na katiba nyingine. Afu Aprili 1964 Nyerere na Karume wakasaini Hati za Muungano, mwaka 1965 ikatungwa katiba ya muda, humo humo na chama kimoja kikawekwa kisheria (kwa maana ya TANU huku bara na ASP kule Zanzibar). Ya muda, lakini ilikaa miaka 12! Mpangaji wa muda huyo, unamjua.

Sasa 1977 ndo penyewe. Februari 5 TANU na ASP zinaungana inazaliwa CCM, na ile kamati ya watu 20, kumi kumi kila upande, chini ya Sheikh Thabit Kombo, iliyokuwa imeandaa katiba ya chama, ndo hiyo hiyo ikapewa kazi ya kuandaa katiba ya nchi. Bunge Maalum la kutunga katiba likaundwa na wabunge wale wale waliokuwepo, na Aprili 25 ikapitishwa. Kura ya maoni hakuna. Kwa hiyo anayenyoosha mkono semina yuko sahihi kabisa, hakuulizwa, wala baba yake.

Na haki za binadamu? Hazikuwemo kama sura inayobana, ziliingia kwa marekebisho ya 1984, na hata hapo serikali ikajipa muda wa kupumua, kesi za haki hizo zikaanza kusikika Machi 1988. Vyama vingi 1992, hiyo mnaijua.

Turudi kwenye karatasi yangu iliyochakaa. Ibara ya 8(1)(a) inasema "wananchi ndio msingi wa mamlaka yote", tamu sana, watu wanaichapa mpaka kwenye tisheti. Lakini rudi nyuma kidogo usome 7(2): masharti ya Sehemu hiyo, yaani ibara ya 6 mpaka 11, mahakama yoyote haina uwezo wa kuyatilia nguvu. Yaani huwezi kwenda kwa jaji ukasema serikali imekiuka ibara ya 8 nipe amri, utaambiwa huo ni mwelekeo tu. Elimu, haki ya kufanya kazi, viko ibara ya 11, navyo humo humo. Mara ya kwanza kuliona hili niko chuo nilidhani nimesoma vibaya.

Yenye meno yako kwingine. 64(5) inasema sheria yoyote ikipingana na Katiba inakuwa batili kwa kiasi inachopingana nayo, huo ndo ukuu wa katiba, ukiuondoa huo kinachobaki ni kitabu cha nasaha tu. Ibara ya 4 inagawa kazi kwa serikali, Bunge na mahakama. Na haki zenyewe kuanzia ya 12, hizo unaweza kufungulia kesi Mahakama Kuu kwa ibara ya 30(3).

Halafu kuna niipendayo, 26(2), inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, kila mtu, si lazima uwe umeumizwa wewe. Kwa mlango huo watu walifungua kesi kubwa kubwa kwa niaba ya wengine. Ila mwaka 2020 Bunge likarekebisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, ikawa ukifungua kesi ya hizo haki za 12 hadi 29 lazima uambatanishe kiapo kueleza jambo hilo limekugusa vipi wewe binafsi. Kwa hiyo mteja akinijia na hasira zake za katiba, kabla sijafungua kitabu, tangu hapo swali langu la kwanza likawa hilo: wewe mwenyewe limekugusa wapi?