Bingwa wa Vijana wa Sataranji: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Akishakuwa bingwa wa dunia wa vijana, ubingwa wa wakubwa unamngoja.

Mashindano ya dunia ya vijana yalianza mwaka 1951 mjini Birmingham, Uingereza, akashinda Borislav Ivkov wa Yugoslavia. Katika orodha yote ya washindi, wanne tu ndio waliokuja kuwa mabingwa wa dunia: Boris Spassky (1955), Anatoly Karpov (1969), Garry Kasparov (1980) na Viswanathan Anand (1987). Magnus Carlsen, naye aliyekuwa bingwa wa dunia, hakuwahi kulitwaa kombe hilo. Wala Gukesh, ambaye Desemba 2024 alimshinda Ding Liren huko Singapore akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Wenye vipaji vikubwa kabisa huwaacha vijana wenzao mapema, wakatafute wapinzani wakubwa watakaowatoa jasho.

Dhana: Ni mashindano ya watoto.

Sharti ni mchezaji awe hajatimiza miaka 20 ifikapo Januari 1 ya mwaka wa mashindano. Aliyezaliwa Februari anaweza kucheza akiwa na 20 kamili, na baadhi huingia tayari wakiwa magrandmasta, yaani wenye taji la juu kabisa la sataranji.

Dhana: Alama zikishuka, kipaji kimekwisha.

Hapa ndipo wazazi wengi huvunjika moyo bure. Alama za Elo, namba inayopima nguvu ya mchezaji, hubadilika hivi: chukua pointi alizopata mchezaji, toa zile zilizotarajiwa, kisha zidisha kwa kigezo K. Kwa kijana wa chini ya miaka 18 ambaye hajafika 2300, K ni 40. Kwa mtu mzima aliyekwisha kucheza michezo 30, K ni 20. Akigusa 2400 inakuwa 10. Sasa mchukue kijana wa alama 1800 anayecheza michezo 9 dhidi ya wenzake wa 1800. Alitarajiwa kupata pointi 4.5, akapata 3. Atapoteza 1.5 × 40, yaani alama 60. Mtu mzima kwa matokeo yale yale atapoteza 30. Lakini kijana huyo akipata pointi 6 safari ijayo dhidi ya wapinzani wenye alama sawa na zake, zote 60 zinarudi.

Lipo na tatizo jingine, nalo halisemwi vya kutosha. Watoto wa klabu moja wenye K moja wanapocheza wao kwa wao tu, anachopata huyu ndicho anachopoteza yule. Wote wanaweza kukua kimchezo mwaka mzima, na wastani wa alama zao usisogee. Dawa yake ni kucheza nje ya kundi hilo.

Dhana: Vijana hushindwa kwa kutojua ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo.

Mara nyingi kinachowashinda ni saa. Utaratibu wa kawaida wa mashindano makubwa ni dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha nyongeza ya dakika 30, na sekunde 30 kwa kila hatua tangu mwanzo. Kijana huzama katika kufikiri kwenye hatua ya 15 hadi ya 25, akifika ya 35 anaishi kwa sekunde 30 tu. Aandike muda uliobaki pembeni ya kila hatua kwenye karatasi yake. Kanuni zinaruhusu, na kocha ataona dakika zilikopotelea.

Dhana: Ugrandmasta ni kukaa juu ya 2500.

Kugusa 2500 mara moja kunatosha, hata katikati ya mashindano. Kazi ni kupata matokeo ya mashindano, kwa kawaida matatu, yanayolingana na ya mchezaji wa alama 2600, jumla michezo isiyopungua 27. Katika mashindano ya michezo 9, angalau wapinzani 3 wawe magrandmasta, wastani wa wapinzani ufike 2380, na wasiwe wote wa nchi moja. Ndiyo maana kijana wa Kampala au Nairobi hana budi kusafiri, na nauli inageuka kikwazo kikubwa kuliko mpinzani. Amon Simutowe wa Zambia alishika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya vijana mwaka 2000, akalipata taji la grandmasta mwaka 2009.

Dhana: Lazima aache shule.

Simutowe huyo huyo alisoma Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, ambacho hutoa ufadhili kwa wachezaji wa sataranji, kisha akaenda Oxford.