Kabla hujasema watu ni wabishi

Kila yakiingia maradhi ya kuambukiza, neno la mwanzo kusikika kwenye vikao vyetu ni kwamba watu hawasikii, watu ni wabishi. Nafanya kazi ya elimu ya afya kwa jamii hapa Pemba. Neno hilo nimelikuta kwenye kipindupindu, nikalikuta kwenye korona, na bado nalisikia. Naandika kulipinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu lina madhara. Ukishaamini kwamba tatizo ni ubishi, dawa yake itakuwa amri na askari. Ukiamini kwamba watu wana hoja zao, utakwenda kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia (mtaa), utakaa barazani, utasikiliza, na mara nyingi utaondoka na jambo ambalo ofisini hakuna aliyelifikiria.

Hao wanaoitwa wabishi ndio waliotoa vyombo vyao nje na kuwaacha wapiga dawa waingie hadi vyumba vya kulala kupuliza kuta, mpaka malaria Zanzibar ikashuka, katika kila watu mia wakawa hawafiki hata mmoja wanaokutwa na vimelea. Ndio waliomeza dawa za matende tangu 2001, nyumba kwa nyumba, wakiwa wazima na hawaumwi popote. Mwaka 2009 ilipotolewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu Unguja na Pemba, maelfu walijitokeza kwa dozi zote mbili, na waliochanjwa wakapata kinga ya asilimia 79. Watu wabishi hawafanyi hayo.

Basi korona ilikuwa na nini?

Nianze na riziki. Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza Zanzibar, mgeni kutoka Ujerumani. Skuli zikafungwa, ndege za watalii zikasita, hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zikabaki na walinzi. Utalii unabeba zaidi ya robo ya pato la Zanzibar, na vijana wengi wa Kipemba wanaishi kwa kazi za huko. Wakarudi nyumbani na mabegi yao. Hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Kampala na Kigali, lakini mtu aliyekutana na mgonjwa aliambiwa ajitenge siku 14.

Hizo siku 14 hazikuokotwa njiani. Kirusi cha korona kile cha mwanzo kilikuwa kinakaa mwilini kama siku tano kabla ya dalili kutokea, wengine mapema zaidi, wengine wakichelewa, na ikifika siku ya 14 karibu kila atakayeumwa huwa ameshaumwa. Hesabu ni sahihi. Ila sisi wenye mshahara tuliisoma kama wiki mbili, na mkulima wa mwani aliisoma kama bamvua. Mwani hufungwa na kuvunwa bahari inapotoka sana, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Ukimwambia mama wa Micheweni akae ndani siku 14, umemwambia bamvua moja limpite: kamba zisiangaliwe, mwani ukatike uchukuliwe na maji, na fedha ya mwezi ule ipotee. Alipokwenda pwani tukaandika kwamba amevunja karantini. Tungemuuliza kwanza, tungepata jibu jepesi, kwa sababu mtu aliyeinama peke yake katikati ya maji, upepo unavuma, hamuambukizi mtu. Hatari yake iko jioni anaporudi, akila na kulala chumba kimoja na mama yake mzee. Hapo ndipo tulipotakiwa kumsaidia.

Jambo hili linahitaji maelezo ya namna kirusi kinavyosafiri, na naomba nikae hapa kidogo. Mwanzoni dunia nzima, pamoja na Shirika la Afya Duniani, ilisisitiza matone ya kikohozi na usafi wa mikono. Tukajaza ndoo na sabuni kwenye kila mlango. Sabuni ni jambo jema, na kwa kipindupindu ndiyo hasa. Lakini korona hupita zaidi kwa pumzi. Mtu akizungumza, akicheka, akisoma kwa sauti, hutoa chembe ndogo mno zinazobaki hewani. Huwa nawaambia watu wafikirie udi: ukiufukiza chumba kimefungwa, aliye kona ya mbali ataunusa baada ya muda kidogo, fungua madirisha mawili yanayotazamana, harufu inakwenda zake. Mgonjwa asiyejijua ndiye chetezo. Na huanza kuambukiza kama siku mbili kabla hajahisi lolote, ndiyo maana kupima joto mlangoni hakukuwakamata wengi.

Marekani, katika jimbo la Washington, Machi 2020, watu 61 walikutana ukumbini kufanya mazoezi ya kwaya kwa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Waliougua walizidi 50, na wawili wakafa. Kwa upande mwingine, wagonjwa wengi sana hawamuambukizi mtu hata mmoja. Korona haigawanyi sawa: wataalamu wanakadiria kwamba wagonjwa kama mmoja kwa watano ndio wanaosababisha asilimia 80 ya maambukizi, na kinachowafanya waambukize hivyo, mara nyingi, ni mahali walipokuwa. Chumba kilichofungwa, watu wengi, sauti kubwa, muda mrefu.

Sasa tazama boti ya kutoka Dar es Salaam kuja Unguja. Bandarini abiria wamepimwa joto, wamekosha mikono, tumeridhika. Halafu wameteremka chini, kwenye madirisha ya kioo yasiyofunguka na kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile. Televisheni iko juu, kwa hiyo kila anayezungumza anapaza sauti. Watoto wanatapika, mabahasha yanapitishwa. Karibu saa mbili. Juu, kwenye sitaha, wamekaa wachache wamejifunga mitandio na makoti kwa upepo wa mkondo. Ningepewa nafasi ya kutoa ushauri mmoja tu kwa wasafiri wote wa 2020, ungekuwa huu: kaa juu, na ukilazimika kukaa chini, usivue barakoa.

Na nilishuhudia kinyume chake vijijini. Wazee walifukuzwa barazani kwa jina la korona, wakaingia ndani na bao lao, kwenye ukumbi wenye kidirisha kimoja. Tulichukua mahali salama kuliko pote penye mazungumzo ya Kiswahili tukapapiga marufuku. Lile lilinisikitisha sana, kwa sababu wazee wale walitii. Hawakubisha hata kidogo, na utii wao ukawaweka pabaya.

Riziki na hewa, hata hivyo, havielezi kwa nini watu walificha wagonjwa. Kwa ninavyoona mimi, kilichofanya wafiche ni mazishi.

Bi mkubwa mmoja wa upande wa Wete, nyumbani kwake mna mgonjwa anayekohoa na kuhema, aliniambia hivi: "Mwanangu, kukaa ndani nakaa. Barakoa nimeshona mwenyewe. Lakini huyu akenda huko kwenu akafa, nani atamkosha? Atatiwa kwenye mfuko azikwe na watu wasiomjua? Bora anifie hapa, nimkoshe, nimvishe sanda, nijue nimemaliza haki yake."

Nikamwambia, "Bi mkubwa, hilo la kukosha halikukatazwa. Wakosha wawe wachache, wavae glavu, barakoa na nguo ya juu ya kujikinga, dirisha liwe wazi, na anayekosha asiwe mzee wala mwenye kisukari. Sanda yake, sala yake, kaburi lake, vyote viko pale pale."

Akanitazama kwa muda, kisha akauliza glavu zinapatikana wapi.

Niliyomwambia yalikuwa yamechapishwa na Shirika la Afya Duniani tangu Machi 2020: hakuna ushahidi wa watu kuambukizwa korona na maiti, mifuko maalumu si lazima, na heshima ya marehemu na desturi za familia zilindwe. Yeye hakuwa ameyasikia kwa sababu matangazo yetu yalijaa usifanye. Usikusanyike, usipeane mkono, usitembelee mgonjwa. Kwa Mwislamu wa Pemba kumzuru mgonjwa na kumzika maiti ni haki anazodaiwa, na hakuna tangazo la redio litakalomfutia mtu deni hilo. Mweleze namna ya kulilipa kwa usalama, atakusikiliza. Mwambie tu asilipe, atalilipa usiku, mlango umefungwa na madirisha yamefungwa, chumbani wamejaa jamaa. Yaani kwa namna inayosambaza maradhi kuliko zote.

Wala hili halipingani na dini. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani anajua mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya tauni, kwamba ikiwa katika mji usiingie, na ukiwa umo usitoke. Watu hawana tabu na wazo la karantini. Tena Zanzibar inalijua jambo hilo tangu zamani: Changuu, kile kisiwa kinachoonekana kutoka Forodhani, kilijengwa gereza miaka ya 1890, kisha kikageuzwa kituo cha kuwazuia abiria wa meli waliohofiwa kuwa na homa ya manjano. Lakini waliozuiwa Changuu walikuwa wageni. Hata 2020 ilianza hivyo, watu wakiwakwepa Wazungu mitaani. Maradhi yalipohamia majumbani, lile jicho la kumtazama mgeni likamgeukia jirani. Nyumba iliyofikiwa na gari ya wagonjwa ilijulikana shehia nzima kabla ya magharibi, na biashara ya maandazi ya nyumba ile ikafa. Familia zilizoona hayo zilijifunza kunyamaza.

Kimya cha juu kiliongeza kimya cha chini. Bara iliacha kutoa takwimu baada ya tarehe 29 Aprili 2020. Zanzibar ilitoa za mwisho tarehe 7 Mei, jumla wagonjwa 134, na baada ya hapo hesabu haikusikika tena kwa zaidi ya mwaka. Watu hawakuacha kuhesabu. Walihesabu matangazo ya vifo redioni, walihesabu majeneza yanayotoka msikitini, wakaambiana kwa sauti ya chini kwamba fulani amepata changamoto ya upumuaji. Asiyepewa hesabu hutengeneza yake, na humo ndimo uvumi unapopata nafasi. Majiko yakajaa tangawizi, ndimu, kitunguu thomu na majani ya mkaratusi ya kujifukizia. Mimi sikuwagombeza watu kwa hayo. Tangawizi haiui kirusi, lakini mtu aliyeachwa bila taarifa anashika alichonacho, na nilichowaomba ni wasijifukize kwa pamoja chini ya shuka moja, na wasimcheleweshe hospitali anayehema kwa shida.

Kilichovunja kimya, kwa huku kwetu, ni mtu mmoja kusema wazi. Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari, akazikwa kwao Mtambwe siku ya pili yake. Msiba ule uliitikisa Pemba yote. Na katika wiki zile niliona barakoa sokoni Chake Chake kwa wingi ambao mabango yetu hayakuwahi kuuleta. Kulitaja jina la maradhi hadharani, kwa mtu anayependwa na asiyeweza kudharauliwa, kuliwaondolea familia nyingi aibu ya kulitaja lao.

Chanjo ilifuata mkondo huo huo. Rais Samia Suluhu Hassan, mwenyeji wa Kizimkazi, alichanjwa mbele ya kamera tarehe 28 Julai 2021, baada ya shehena ya zaidi ya dozi milioni moja za Janssen kuingia nchini. Likasaidia. Hofu ya ugumba ikabaki, hasa kwa vijana, na hofu hiyo haiondoki kwa kipaza sauti. Inataka muuguzi anayejulikana, aliyechanjwa na akazaa baadaye. Halafu 2022 Saudi Arabia ikafungua tena hija kwa watu wa nje kwa sharti la chanjo, na wazee walionikatalia mwaka mzima wakaja wenyewe kuuliza kituo kinafunguliwa saa ngapi.

Nayasema haya sasa kwa sababu ya maradhi ya kirusi cha Marburg. Imetokea Kagera 2023, ikatokea tena huko huko 2025. Marburg si korona. Haisafiri kwa pumzi kama udi. Hupita kwa damu na majimaji ya mwili, na maiti yake ni hatari kweli. Yale niliyomruhusu bi mkubwa wa Wete, kwa Marburg nitalazimika kuyakataza: familia haitakosha, watakosha au kutayammamu (kumtwaharisha maiti kwa udongo badala ya maji) watu waliofundishwa, kwa mavazi kamili, na jamaa watasali kwa mbali. Tukisubiri mgonjwa wa kwanza ashuke bandarini Mkoani ndiyo tuanze kulieleza hilo, tutapata majibu yale yale ya milango iliyofungwa. Wakosha maiti wa kila shehia wanajulikana, wake kwa waume, na wengi ni watu wazima wanaoheshimika. Naomba waitwe sasa, wakati hakuna msiba, waonyeshwe mavazi na tofauti ya maradhi haya mawili, wakae na mashekhe wakubaliane ni lini tayammamu inatosha na nani wa familia atasimama kushuhudia. Vikao hivyo havihitaji fedha nyingi. Vinahitaji masheha, ukumbi wenye madirisha, na mtu wa afya atakayekubali kuulizwa maswali mpaka yaishe.