Umeme Ukirudi, Usikimbilie Kuchomeka Friji

Jioni moja mama wa Malaba alinipigia simu: taa zake zilikuwa zinawaka nyeupe kupita kiasi, huku za jirani zimefifia kama kibatari. Nilimwomba azime swichi kuu kabla hata hatujamaliza kuzungumza. Televisheni ilikuwa imeshaanza kunuka plastiki iliyoungua.

Dalili hiyo ishikeni vizuri. Nyumba nyingi hapa Uganda hupata fezi moja, yaani waya mmoja wenye umeme, volti 240, lakini kati ya fezi na fezi kuna volti 415. Nyutro ya mtaa, yaani waya wa kurudishia umeme, ikikatika au kulegea nguzoni, nyumba za fezi tofauti hubaki zimefungamana, na mwenye vifaa vichache vinavyowaka ndiye anayebebeshwa volti nyingi. Zima swichi kuu, kisha waarifu UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua usambazaji wa umeme Aprili 1, 2025. Tafadhali, msimlipe kijana wa mtaani apande nguzo. Anaweza kufia huko juu.

Umeme ukikatika kawaida, hatari kubwa iko kwenye kurudi kwake. Friji za mtaa mzima huamka pamoja, kila mota ikivuta mkondo mara kadhaa ya kawaida, na volti huyumba. Kompresa, yaani pampu ya gesi ya friji, inayolazimishwa kuanza kabla shinikizo la gesi halijashuka hukwama na kuchemka. Chomoa friji mara umeme unapokatika. Umeme ukirudi, subiri kama dakika tano. Kipo kifaa cha kulinda friji kinachofanya hivyo chenyewe, na kwa maoni yangu ndicho cha kununua kwanza. Ekstensheni yenye kitaa chekundu haiwi kinga kwa sababu ya kitaa hicho.

Kuhusu radi, sisi wa ukanda wa Ziwa Viktoria tunaishi penye ngurumo nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi: hukata fezi peke yake, na uwazi wake ni wa milimita chache tu. Chomoa plagi, na waya wa antena pia, mawingu yakiwa bado mbali. Radi ikiwa imefika juu yenu, usiguse kitu.

Vifaa vingi vya kuzuia mshtuko wa volti, yaani volti kupanda ghafla, huutupa ardhini kupitia waya wa ethi. Zunguka nyuma ya nyumba uutazame ule waya wa kijani na manjano. Mara nyingi tunaukuta umekatwa, shaba imeibiwa, na mwenye nyumba hana habari. Mwite fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme, aurudishe na kuupima.