Siku ya Kwanza Ugenini: Maswali Kuhusu Uchovu wa Safari na Mguu Mmoja Uliovimba

Watu husubiri safari ya ng'ambo kwa miaka. Wanaweka akiba, wanahangaikia viza, wanahesabu siku. Ndege ikishatua hakuna anayetaka kusikia habari za hospitali, na hapo ndipo sisi wa chumba cha dharura tunapopata shida na wagonjwa wetu. Tunampokea mtu ambaye mguu ulianza kumuuma siku aliyofika. Akatembea nao, akapiga picha, akachuliwa kwa mafuta, na siku ya nne analetwa akihema. Maelezo ni yale yale kila mara: "Nilidhani ni uchovu wa safari." Yafuatayo ni maswali tunayoulizwa na wasafiri. Nakuomba uyasome kabla hujafunga begi.

Uchovu wa kubadili majira ni kitu gani hasa?

Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna saa inayopanga usingizi, njaa, joto la mwili na homoni. Saa hiyo hurekebishwa zaidi na mwanga unaoingia machoni. Ukivuka kanda 3 za saa au zaidi kwa ndege, mwili unabaki kwenye saa za ulikotoka. Ndiyo maana unasinzia mchana na kukodoa macho usiku, kichwa kinakuwa kizito, tumbo linavurugika, unasahau mambo na kukasirika ovyo. Wasafiri wengi huiita hali hii jetilagi.

Inaisha yenyewe. Kwa makadirio, mwili huhitaji kama siku moja kwa kila kanda ya saa uliyovuka. Kwenda mashariki husumbua zaidi kuliko kwenda magharibi, kwa sababu saa ya mwili ya watu wengi huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24, hivyo ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Na ukisafiri moja kwa moja kutoka kaskazini kwenda kusini utachoka, lakini saa ya mwili itabaki palepale.

Sasa angalia kisichomo katika orodha hiyo. Homa haimo. Kubanwa kifua hakumo. Mguu mmoja kuvimba haumo. Mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla havimo. Ukiona kimojawapo, usikitafutie maelezo kwenye tiketi ya ndege. Tafuta daktari.

Nifanye nini siku ya kwanza ili nizoee haraka?

Fuata saa za mahali ulipo tangu unapotua: kula wanapokula, lala wanapolala. Mwanga wa jua ndio dawa yenye nguvu kuliko zote. Ukienda magharibi, kaa nje jioni. Ukienda mashariki kwa kanda chache, kaa nje asubuhi. Lakini ukivuka kanda nyingi kuelekea mashariki, tuseme 8, kuwa mwangalifu: saa 2 asubuhi ya pale ni saa 6 usiku mwilini mwako, na mwanga wa wakati huo utaisukuma saa yako upande usiotakiwa. Vaa miwani ya jua au ubaki ndani, kisha toka nje mchana.

Usingizi ukikuzidi, lala dakika 20 hadi 30 kabla ya saa 9 alasiri, na uweke kengele. Kahawa inywe asubuhi tu, maana hata ukikaa muda wa saa 5 hivi tangu uinywe, karibu nusu ya kafeini bado imo kwenye damu. Vidonge vya melatonini, homoni ya usingizi, huwasaidia baadhi ya watu wakivimeza karibu na saa ya kulala ya huko waendako, lakini kama unatumia dawa nyingine muulize kwanza mfamasia, na ujue kwamba katika baadhi ya nchi haviuzwi bila cheti cha daktari.

Naweza kukodi gari uwanja wa ndege na kuendesha mwenyewe?

Usiendeshe. Mtu aliyekesha saa 17 mfululizo huendesha kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazikiruhusu. Akifikisha saa 24 anakaribia asilimia 0.10. Ongeza saa za uwanjani, za ndani ya ndege, na barabara ambayo huenda watu wanaendeshea upande wa pili, kisha hesabu mwenyewe. Panda treni, basi au teksi. Gari utalichukua ukishalala usiku mmoja mzima.

Nimetua leo. Kigimbi cha mguu mmoja kinauma na kimevimba. Si nilikaa vibaya tu?

Nenda hospitali leo.

Nitaeleza sababu. Damu ya miguuni inapanda kurudi kwenye moyo kwa kusukumwa na misuli ya kigimbi kila unapotembea. Ukikaa saa nyingi magoti yakiwa yamekunjwa, ukingo wa kiti ukibana nyuma ya goti, damu inatulia na inaweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Donge hilo likikatika husafiri hadi kwenye mapafu na kuziba njia ya damu. Mtu anaweza kufa kwa hilo, wakati mwingine ndani ya muda mfupi sana.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo kwenye vifundo baada ya safari ndefu ni jambo la kawaida, na kwa wengi hupungua baada ya kulala. Tunachokiogopa ni mguu mmoja: umezidi mwenzake unene, unauma hasa kwenye kigimbi au nyuma ya goti, una joto, umekuwa mwekundu au rangi yake imebadilika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumia kiganja kupima joto na linganisha unene wa miguu yote miwili. Si lazima dalili zote ziwepo. Moja ikitosha kukutia shaka, inatosha kukupeleka hospitali.

Nimeisubiri safari hii miaka mingi. Nikiangalia kesho asubuhi kuna ubaya gani?

Upo. Kesho asubuhi donge linaweza kuwa limeshahamia mapafuni. Usisubiri kesho, usisubiri matembezi yaishe, usisubiri urudi nyumbani ukamwone daktari wako. Naelewa uchungu wa kuipoteza siku ya kwanza, nimeuona kwenye nyuso nyingi. Lakini vipimo huchukua saa chache, na likigunduliwa likiwa bado mguuni, wengi hutibiwa kwa dawa na kuendelea na maisha yao.

Mimi bado kijana, nafanya mazoezi, na nilikaa daraja la juu.

Nenda hospitali vilevile. Ujana hupunguza hatari, hauiondoi. Daraja la juu nalo halina kinga yoyote, kwa sababu kinachogandisha damu ni kukaa bila kusogea. Mwaka 1940, wakati London ikipigwa mabomu, daktari Keith Simpson aliandika kuhusu watu waliokufa kwa donge la damu kwenye mapafu baada ya kukesha wamekaa kwenye viti ndani ya mahandaki ya kujikinga. Hawakuwa wamepanda ndege. Basi, gari na treni nazo zinaweza kuleta haya haya.

Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007: kukaa safarini saa 4 au zaidi bila kusogea huongeza hatari ya damu kuganda takriban mara 2. Ni kama mtu 1 kati ya 6,000, kwa hiyo sikuambii uogope ndege. Nakuambia kwamba mguu wako ukishavimba, takwimu ya watu wote haikuhusu tena. Kinachokuhusu ni kipimo.

Je, nichuliwe kwanza nione kama utatulia?

Hapana. Nalirudia hili kila wiki na bado watu wanaletwa miguu ikiwa inateleza kwa mafuta. Kuchua, kukanda kwa nguvu, kupiga piga, kumwomba mwenzako akukanyage kigimbi: vyote hivi vinaweza kulisukuma donge likakatika. Mguu unaoshukiwa kuwa na damu iliyoganda hauchuliwi. Anayekuchua anakupenda na anataka kukusaidia, najua. Mwambie aache, akutafutie usafiri.

Aspirini nayo haitoshi. Haitibu donge hilo, na ikituliza maumivu itakufanya uamini kuwa umepona.

Na nikihisi pumzi zinakata, je? Si hewa ya ndege ile?

Ukishashuka, hewa ya ndege umeiacha. Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, kukohoa damu, kuzimia: hapo usitafute teksi na usipande ngazi. Piga namba ya dharura ya nchi uliyopo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni 112, Uingereza ni 999, Marekani na Kanada ni 911. Kama unaenda kwingine, itafute namba yao na uiandike kwenye simu kabla hujaondoka. Hata kama mguu hauumi, piga. Wapo wanaopata donge la mapafu bila mguu kuonyesha dalili yoyote.

Napenda kumeza kidonge cha usingizi na mvinyo kidogo ndani ya ndege ili nifike nimepumzika. Kuna shida?

Kubwa. Viwili hivyo kwa pamoja hudhoofisha upumuaji, na vinakulaza kama gogo saa 8 bila hata kugeuza mguu. Pombe pia huukatakata usingizi, unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Tafadhali acha mchanganyiko huo. Ukitaka kulala tumia kitambaa cha macho, ziba masikio, na uamke kutembea kila baada ya saa moja au mbili. Unapokaa, inua visigino, vishushe, kisha inua vidole. Kunywa maji, na usijaze begi chini ya kiti cha mbele hadi miguu ikakosa nafasi.

Nani azungumze na daktari kabla ya kusafiri?

Aliyewahi kupata damu kuganda, au ambaye mzazi au ndugu yake wa damu amewahi. Aliyefanyiwa upasuaji au kufungwa plasta ya gipsi hivi karibuni. Mwenye saratani. Mjamzito, na mama aliyejifungua ndani ya wiki 6. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na mwenye uzito mkubwa. Baadhi yao hushauriwa kuvaa soksi maalumu za kubana zinazoishia chini ya goti, na wachache hupewa sindano ya kuzuia damu kuganda. Soksi zisizokutosha zinaweza kukudhuru, kwa hiyo upimwe mguu kwanza.

Dawa zangu za kila siku nizifuate kwa saa za wapi?

Weka dawa zote kwenye begi la mkononi, kamwe usiziweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Kuhusu saa, anayetumia insulini apange na daktari wake mapema, kwa kuwa ukienda mashariki siku inafupika na dozi zinaweza kukaribiana mno. Mwenye kifafa asiruke dozi hata moja: kukosa usingizi peke yake kunaweza kuleta degedege. Wa shinikizo la damu wanapenda kusema "nitaanza tena nikitulia". Usifanye hivyo.

Nikifika hospitali ya ugenini niseme nini?

Anza na safari: "Nimesafiri kwa ndege kwa muda wa saa 11, mguu huu umevimba tangu jana." Usiposema, wanaweza kudhani umejipiga mahali. Taja dawa unazotumia, upasuaji, ujauzito. Kama lugha inakupiga chenga, iandike sentensi hiyo kwenye simu ukiwa bado nyumbani. Kwa kawaida watakupima damu na kukufanyia altrasaundi ya mguu, na wakishuku mapafu watakufanyia CT skani, yaani picha za ndani ya kifua. Beba na karatasi ya bima.

Siku ya kwanza ikipita salama, nimeshavuka?

Bado. Hatari hubaki juu kwa wiki kadhaa, na wengine huanza kuumwa wakiwa wameshazoea majira na kusahau kabisa habari ya ndege. Wiki ya pili au ya tatu kigimbi kikivimba, hesabu bado ni ile ile: hospitali, siku hiyo hiyo, na utaje ile safari.

Nikikutwa na damu iliyoganda na kuanza dawa, naweza kupanda ndege ya kurudi kama tiketi inavyosema?

Usipande kabla daktari anayekutibu hajakuruhusu, hata kama mguu umeacha kuuma. Omba barua yake, kwa sababu shirika la ndege linaweza kuidai. Dawa za kuzuia damu kuganda hutumiwa kwa kawaida miezi 3 au zaidi. Omba pia karatasi yenye jina la dawa, kiasi na tarehe uliyoanza, uiwasilishe kliniki wiki hiyo hiyo unayorudi, ili dozi isikatike hata siku moja.